Maswali ya Wasomaji: Dhoruba Inapomwaga Mafuta Majini

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu Volgoneft-212 na Volgoneft-239, meli mbili za Urusi zilizoharibiwa na dhoruba katika eneo la Mlango wa Bahari wa Kerch tarehe 15 Desemba 2024, zikiwa zimebeba kwa jumla tani 9,200 hivi za mazuti, yaani mafuta mazito meusi. Sikutazamia kwamba wasomaji wa Uganda, nchi isiyo na pwani, wangeuliza mengi kiasi hiki. Barua zimetoka mialoni, shuleni na katika vijiji vinavyopakana na visima vya Ziwa Albert, na kadiri nilivyozisoma ndivyo nilivyotambua kwamba walioziandika wanaulizia maji wanayoyanywa wao wenyewe. Nimechagua sita, na majibu yangu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

Mwalimu, mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Katosi, na tangu utoto nimeona mawimbi yakipindua mitumbwi ya mbao. Lakini meli ya chuma, ndefu kuliko uwanja wa mpira, inawezaje kukatika katikati kwa mawimbi tu? Au kuna jambo tunalofichwa?
*Mama wa samaki, Katosi, Mukono*

Mama, swali lako ni zuri, na neno la kulitazama ndani yake ni hilo "tu". Anza na namna wimbi linavyoibeba meli ndefu. Wimbi likipita chini ya tumbo lake, sehemu ya katikati huinuliwa, na omo (upande wa mbele) na tezi (upande wa nyuma) huachwa zikining'inia. Sekunde chache baadaye mawimbi mawili huzishika omo na tezi, na tumbo lililojaa shehena hulemea chini bila kitu cha kulishikilia. Meli hupindwa hivyo maelfu ya mara katika usiku mmoja wa dhoruba. Chukua kipande cha waya, ukikunje huku na huku: mara ya kwanza hakikatiki, wala mara ya kumi, lakini kinachoka, na mahali penye kutu ndipo kinapoachia.

Wajenzi wa meli wanayajua hayo, na huweka mabati mazito ya kutosha kuhimili kupindwa huko. Kinachobadilika ni unene wa chuma kadiri miaka inavyopita, kwa kuwa maji ya chumvi hukila kutoka nje na kutoka ndani ya matangi, na mahali kilipoliwa zaidi mara nyingi ni pale ambapo jicho la mkaguzi halifiki kwa urahisi. Zile Volgoneft mbili zilijengwa zamani, moja mwaka 1969 na nyingine mwaka 1973, na ni za aina iliyobuniwa kwa ajili ya mito na safari fupi za baharini, si kwa ajili ya dhoruba za Bahari Nyeusi katika majira ya baridi. Tena, tarehe 11 Novemba 2007 meli ya aina hiyohiyo, Volgoneft-139, ilikatika vipande viwili katika mlango huohuo wa Kerch, kwa dhoruba ya majira yaleyale. Ninakiri kwamba siwezi kuzisoma tarehe hizo mbili kwa pamoja bila kukasirika, kwa kuwa miaka 17 inatosha kabisa kuondoa meli chakavu majini.

Ulaya magharibi nako wamelipa gharama ya somo hili. Meli iliyoitwa Erika, iliyojengwa mwaka 1975, ilikatika vipande viwili tarehe 12 Desemba 1999 katika dhoruba mbele ya pwani ya Bretagne, Ufaransa, ikamwaga karibu tani 20,000 za mafuta mazito yaliyochafua pwani ya urefu wa kilomita 400 hivi. Uchunguzi ulionesha kwamba muundo wake ulikuwa umeliwa sana na kutu. Miaka mitatu baadaye, tarehe 13 Novemba 2002, meli ya Prestige, yenye umri wa miaka 26, ilipasuka ubavu katika dhoruba karibu na Galicia, Hispania. Nahodha aliomba msaada, lakini wenye mamlaka hawakutaka kuikaribisha meli inayovuja katika bandari yao, wakaamuru ivutwe mbali na pwani. Ilivutwa kwa siku sita ndani ya mawimbi yaleyale yaliyoijeruhi, ikakatika na kuzama tarehe 19 Novemba, na mafuta yaliyomwagika yanakadiriwa kuwa zaidi ya tani 60,000. Ninaelewa hofu ya mtu wa bandari, lakini meli iliyopasuka na kusukumwa baharini huchafua pwani ndefu zaidi kuliko meli iliyopewa ghuba moja tulivu ya kujisitiri, na huo ndio mjadala ambao Prestige iliuacha nyuma yake.

Hata hivyo, si kila mara dhoruba huivunja meli kwa nguvu ya kikatili namna hiyo, na mfano ninaoufikiria mara nyingi zaidi ni wa meli ya Braer. Mnamo Januari 1993 ilikuwa ikitoka Norwei kwenda Kanada, ikiwa na tani 85,000 hivi za mafuta ghafi. Juu ya sitaha, upande wa nyuma, kulikuwa na mabomba ya chuma ya akiba. Dhoruba iliyakatua kutoka yalipofungwa, yakaanza kubingirika huku na huku kila meli ilipoyumba, yakavunja matundu ya kupitishia hewa ya matangi ya dizeli. Maji ya bahari yakaingia katika dizeli ya injini, injini ikazimika, na meli kubwa isiyo na injini ikasukumwa na upepo hadi kwenye miamba ya Garths Ness, kusini mwa visiwa vya Shetland, tarehe 5 Januari. Shehena yote ya meli ile ilimwagika kwa sababu ya mabomba machache ambayo hayakufungwa kwa uthabiti wa kutosha.

Kwa hiyo, Mama, dhoruba inafanya kazi kama mkaguzi mkali. Huipitia meli yote kwa saa chache, huitikisa kila fundo na kila mshono wa chuma, na ubovu uliofichwa chini ya rangi mpya huuleta juani. Ipo pia habari ya kutia moyo. Katika miaka ya 1970 ajali za meli za mafuta zilizomwaga tani 7 au zaidi zilikuwa karibu 79 kwa mwaka duniani kote. Katika miaka ya 2010 zilikuwa zimeshuka hadi 6 hivi. Bahari haikupungua ukali katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni ukaguzi, pamoja na sheria za kimataifa zilizoondoa meli za ganda moja na kudai ganda maradufu, ingawa ni haki niongeze kwamba ganda la pili hukinga zaidi wakati wa kugongana au kukwama mwambani kuliko wakati chuma chenyewe kimechoka.

Shikamoo Mwalimu. Mwalimu wetu wa kemia anasema dhoruba huyasafisha mafuta baharini. Lakini katika kitabu kuna picha za ndege waliotapakaa mafuta baada ya dhoruba. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mbarara*

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wako sahihi, na tofauti inatokana na aina ya mafuta.

Ile Braer niliyoitaja hapo juu ilibeba mafuta ghafi mepesi. Mawimbi yalikuwa makali kiasi kwamba yaliyavunja mafuta hayo kuwa matone madogo sana, yakayazamisha na kuyatawanya katika maji mengi, na lile doa kubwa jeusi ambalo dunia ililitarajia halikuonekana sana juu ya bahari. Mwalimu wako anazungumzia jambo la namna hiyo. Lakini kutawanyika si kutoweka: sehemu ya mafuta ilitua katika matope ya chini ya bahari, samaki wa kufugwa katika vizimba wakachafuka, uvuvi ukapigwa marufuku katika eneo hilo, kwa baadhi ya viumbe kwa miaka kadhaa, na upepo ulirusha matone ya mafuta hadi kwenye malisho ya kondoo.

Mafuta mazito kama mazuti hufanya kinyume. Wewe unatoka Ankole, basi umemwona mama au shangazi akitengeneza eshabwe: huchukua samli, huongeza maji na chumvi ya mwamba, hupiga na kupiga, na vitu viwili ambavyo vikiachwa vyenyewe havipatani huishia kuwa mchuzi mmoja mweupe, mzito, wenye ujazo mkubwa kuliko samli uliyoanza nayo. Mawimbi huyafanyia mafuta mazito kazi ileile. Maji huingia ndani ya mafuta hadi yakawa hata robo tatu ya mchanganyiko wote, ukapatikana urojo wa rangi ya kahawia wenye ujazo mara tatu au nne ya mafuta yaliyomwagika, unaonata kwenye mwamba, nyavu na manyoya. Ndege aliyepakwa urojo huo hufa kwa baridi hata kama hakumeza tone, kwa sababu manyoya yaliyoshikamana hayazuii tena maji yasifike kwenye ngozi.

Kuna jambo la tatu ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Vifaa vya kukusanya mafuta ni vya maji matulivu. Kizuizi kinachoelea, ambacho huzungushiwa mafuta ili yasisambae, huanza kupitisha mafuta chini yake pale mkondo unapozidi kiasi cha kilomita moja na robo kwa saa, mwendo ambao ni wa polepole kuliko mtoto anayetembea, na mawimbi ya kimo cha mtu huyarusha mafuta juu yake. Mashine za kuengua mafuta nazo huengua maji matupu. Kwa hiyo katika zile siku za kwanza, ambazo mafuta bado yako pamoja na yangekusanyika kwa urahisi, dhoruba iliyoyamwaga huwazuia watu wasiyafikie. Ndiyo maana hata katika ajali zilizoshughulikiwa vizuri sehemu inayorudishwa kutoka baharini huwa ndogo, na kazi kubwa hufanyika ufukweni kwa sepetu, ndoo na mikono ya watu.

Sisi wa Kikuube tunaambiwa visima vya Kingfisher viko chini ya ziwa. Upepo wa Ziwa Albert tunaujua. Je, dhoruba inaweza kuking'oa kisima na mafuta yakatoka bila kukoma?
*Msomaji, Kikuube*

Ndugu yangu, nianze na lililo wazi kuhusu Kingfisher. Mafuta yenyewe yako chini ya ziwa, lakini midomo ya visima iko nchi kavu, katika uwanda wa Buhuka, na kutoka hapo mashine huchimba kwa mshazari hadi chini ya kitanda cha ziwa. Hakuna jukwaa lililosimama majini la kupigwa na mawimbi. Uamuzi huo wa kiufundi umeiondolea Ziwa Albert hatari kubwa.

Lakini swali lako limewahi kujibiwa na bahari, na jibu lake ninataka ulijue kwa ukamilifu. Septemba 2004, Kimbunga Ivan kilipita katika Ghuba ya Meksiko. Yapata kilomita 18 kutoka pwani ya Louisiana lilikuwapo jukwaa la kampuni ya Taylor Energy, lililosimama katika maji ya kina cha mita 145 hivi, likihudumia visima 25. Mawimbi hayakuliangusha kwa kulipiga ubavuni. Uzito wa mawimbi makubwa yaliyopanda na kushuka juu ya matope laini ya chini ya bahari uliyalegeza matope hayo, mteremko mzima ukaporomoka, na jukwaa likabebwa na maporomoko na kulala mita 170 hivi kutoka lilipokuwa. Mabomba ya visima yalipindwa na kufukiwa chini ya matope ya makumi ya mita, mahali ambapo hata kuviziba ikawa kazi ngumu mno. Katika miaka iliyofuata ni visima 9 tu vilivyozibwa.

Mafuta yakaendelea kupanda kutoka chini. Kampuni ilisema ni kiasi kidogo tu, lakini uchunguzi wa wanasayansi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria mapipa kati ya 9 na 108 kwa siku. Mwaka huohuo, takribani miaka 15 baada ya kimbunga, ndipo ulipowekwa chini ya bahari mtambo wa kuyakinga mafuta yanapotoka, na tangu hapo umekusanya zaidi ya galoni milioni moja. Fikiri, ndugu yangu: mtoto aliyezaliwa siku ya kimbunga hicho alikuwa karibu kumaliza miaka 15 kabla ya mtu kuweka kitu cha kukinga.

Kwa haki, niseme pia kwamba vimbunga Katrina na Rita vya mwaka 2005 viliangamiza majukwaa 113 katika ghuba hiyohiyo, na visima vyake havikugeuka chemchemi za mafuta. Ndani ya kila kisima, chini ya kitanda cha bahari, huwekwa vali ambayo hujifunga yenyewe shinikizo la kuishikilia wazi likikatika, na wafanyakazi hufunga visima kabla ya kuhamishwa. Mabomba ya kusafirishia mafuta ndiyo yaliyoumia zaidi, mengine yakiburutwa na nanga za mitambo iliyokatika kamba na kuzurura baharini.

Basi kwenu Kikuube jicho liwekwe wapi? Kwanza kwenye bomba la kilomita 46 linalotoka Buhuka kwenda Kabaale, kwa sababu linaupanda ukuta wa bonde la ufa, na mvua kubwa huporomosha ardhi ya miteremko kama mawimbi yalivyoyaporomosha matope ya Louisiana. Pili, kwenye kimo cha ziwa, ambacho nyinyi wenyewe mmekiona kikimeza nyumba na mialo katika miaka ya karibuni. Mafuta yetu yana nta nyingi, hata bomba kuu la kutoka Hoima hadi Tanga linapaswa kupashwa joto la nyuzi 50 hivi ili yasigande. Yakimwagika kwenye maji ya ziwa yataganda kuwa mabonge. Hayatakimbia mbali upesi kama petroli, lakini hayatayeyuka hewani pia, na mabonge hayo yataishia katika matete ambamo samaki hutaga.

Na mwisho wa bomba hilo la kilomita 1,443 uko baharini, Chongoleani, ambako meli zitapakia. Watu hupenda kusema Afrika Mashariki haina vimbunga. Mwaka 1872 kimbunga kiliangamiza mikarafuu na vyombo vya Zanzibar; mwaka 1952 kingine kiliipiga Lindi; na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania. Ni vya nadra, ninakubali, lakini gati hujengwa kwa miongo mingi, na mafuta yatakayokuwa ndani ya meli pale yatakuwa yametoka chini ya miguu yenu.

Je, matangi ya mafuta yaliyoko nchi kavu karibu na ziwa yako salama? Mwaka 2020 maji yalifika hadi mlangoni kwetu.
*Mkazi wa karibu na Port Bell, Kampala*

Yanaweza kuwa salama, kwa sharti moja ambalo wengi hawalitazamii: tangi lenye mafuta kidogo ni la hatari kuliko tangi lililojaa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na tangi lenye nafasi tupu ndani yake ni chombo kinachotaka kuelea. Wakati wa Kimbunga Katrina, tangi moja la kiwanda cha kusafisha mafuta cha Murphy Oil huko Meraux, Louisiana, lenye uwezo wa mapipa 250,000, lilikuwa na mapipa 65,000 tu. Maji ya mafuriko yaliliinua, yakalisogeza kutoka kwenye msingi wake, likapasuka, na mapipa 25,110 yakaingia katika mtaa wa makazi na kuchafua nyumba zipatazo 1,800. Wasimamizi waangalifu hulijaza tangi kabla ya mafuriko, kwa mafuta au hata kwa maji, ili uzito wake uzidi nguvu ya kuelea.

Mei 2020 kipimo cha Ziwa Viktoria kilifika mita 13.42, na mwezi uliotangulia kisiwa kinachoelea kilichong'olewa na maji kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, nchi nzima ikakosa umeme. Maji yanayoweza kuhamisha kisiwa chenye miti yanaweza kuhamisha tangi. Mwulizeni mwenye matangi katika mtaa wenu mambo mawili: matangi yamefungwa kwenye msingi kwa nanga gani, na ukuta unaoyazunguka una kimo gani juu ya maji ya mwaka 2020.

Wanasheria wa makampuni husema dhoruba ni amri ya Mungu, hivyo hakuna wa kulaumiwa. Je, sheria inakubali? Mwathirika hulipwa na nani?
*Mwanafunzi wa sheria, Mbale*

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 kuhusu dhima ya mwenye meli humwajibisha mwenye meli ya mafuta hata bila kuthibitisha kosa lake, na humwachia milango michache sana ya kutokea. Mmojawapo ni tukio la asili lenye sifa tatu kwa pamoja: liwe si la kawaida, liwe lisiloepukika, na liwe lisilozuilika. Zingatia kwamba zote tatu zinatakiwa. Dhoruba ya Desemba katika bahari ya Bretagne haina hata sifa ya kwanza, maana huja kila mwaka.

Katika shauri la Erika, mahakama ya Paris mwaka 2008 ilizitia hatiani pande nne: mwenye meli, msimamizi wake, shirika la RINA lililoipa cheti cha ubora, na kampuni ya Total iliyoikodi, ambayo ndiyo TotalEnergies ya leo, mwendeshaji wa mradi wa mafuta wa Tilenga hapa kwetu. Mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa iliithibitisha hatia hiyo mwaka 2012. Hukumu hiyo ninaiona kuwa ya thamani kubwa, kwa kuwa iliwafikia waliokuwa ofisini. Mkodi aliyechagua chombo chakavu na mkaguzi aliyetia sahihi walihesabiwa kuwa sehemu ya ajali. Huko Louisiana nako, Taylor Energy ilijitetea kwa hoja ya amri ya Mungu, lakini mwisho wake, Desemba 2021, ilikubali kulipa dola milioni 43 na kuiachia serikali mfuko wa dola milioni 432 uliowekwa kwa ajili ya kufunga visima vile.

Kuhusu malipo, juu ya bima ya mwenye meli upo mfuko wa kimataifa unaochangiwa na wapokeaji wa mafuta, na Kenya na Tanzania ni wanachama wake. Fedha zake zina kikomo. Baada ya Erika madai yalihofiwa kuzidi kikomo hicho, na wavuvi na wenye hoteli walianza kwa kulipwa nusu ya hasara iliyokubaliwa. Tena mkataba huo umeandikwa kwa ajili ya meli za baharini, kwa hiyo ajali ya meli ya mafuta ndani ya Ziwa Viktoria haiwezi kutegemea mfuko huo. Kwetu tunabaki na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019, inayoweka msingi kwamba mchafuzi hulipa, pamoja na makubaliano ya nchi tatu zinazolimiliki ziwa. Wakati huohuo meli ya matangi huvuka kutoka Kisumu hadi bohari la Bugiri-Bukasa, wilayani Wakiso, juu ya maji ambayo mitambo ya Ggaba na Katosi huyavuta kwa ajili ya Kampala. Kama unatafuta mada ya utafiti wako wa shahada, ndugu yangu, naomba uchague hii: nani atamlipa mvuvi wa Uganda, kwa fedha ipi, na ndani ya siku ngapi.

Kuhusu amri ya Mungu, mimi ni mtu wa ibada, na neno hilo linaniuma linapotajwa mahakamani kwa ajili ya bomba ambalo mtu hakulifunga.

Mwalimu, boti yetu ilipigwa na dhoruba ya alfajiri na jerikeni tatu za petroli zikapasuka karibu na ufuko. Tulimwaga sabuni ya unga mpaka mafuta yakapotea machoni. Tulifanya vizuri?
*Nahodha wa boti, Kalangala*

Pole sana, Nahodha, na ninashukuru kwamba mlifika salama, kwa sababu dhoruba hizo za usiku wa manane na alfajiri ndizo mbaya zaidi katika ziwa letu: hewa ya nchi kavu iliyopoa hushuka kutoka pande zote na kukutana juu ya maji yaliyo bado na joto, na mawingu hujengeka hapo upesi.

Sabuni haikuondoa mafuta. Iliyavunja kuwa matone na kuyapeleka chini, pale vifaranga wa ngege na mukene walipo, na sabuni yenyewe ni sumu kwao. Petroli ikiachwa juani juu ya maji yaliyo wazi, sehemu yake kubwa hupanda hewani ndani ya saa chache. Hatari yake ya kwanza ni moto, kwa hiyo zimeni majiko na sigara, simameni upande ambao upepo unatokea, na wazuieni watoto. Dizeli hukaa muda mrefu zaidi, na oili ya injini hukaa kupita zote, hiyo izungushieni matete au magunia yenye nyasi kavu na muiengue kwa ndoo hadi kwenye chombo cha kwenda kutupwa panapostahili. Watu wa Morisi walifanya hivyo mwaka 2020, wakajaza majani ya miwa katika vitambaa vilivyoshonwa, mafuta ya meli ya Wakashio yalipoelekea katika ghuba zao. Msichote maji ya kunywa hapo wala kuanika mukene kwenye mchanga uliolowa, na kamati ya mwalo iijulishe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, siku hiyohiyo, hata kama ni jerikeni tatu.

Na hizo jerikeni, zifungeni kwa kamba kwenye mbavu za boti mkiwa bado gatini, mbingu ikiwa safi. Mtu aliyeshika usukani katikati ya mawimbi hana mkono wa ziada wa kufungia kamba.